Kabla ya Jasho

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi New Hampshire na Maine

 

Nianze na vipimo. Mlima Washington ndio mrefu kuliko yote hapa New Hampshire, na urefu wake ni mita 1,917. Limuru, wanakochuma chai, iko juu kuliko hapo. Arusha mjini ni kama mita 1,400, na kwa urefu huohuo miti ya White Mountains inakwisha. Ukipanda zaidi unabaki na mawe, barafu na upepo. Mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro akizisikia namba hizi anacheka. Jamaa yangu mmoja wa Marangu aliniuliza kwenye simu kama na sisi huku tunaviita vitu hivyo milima.

Lakini kileleni mwa Mlima Washington, tarehe 12 Aprili 1934, watu wa kituo cha hali ya hewa walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu zaidi ya miaka 60, mpaka kimbunga Olivia kilipopita kisiwa cha Barrow, Australia, mwaka 1996. Februari 2023 kipimajoto cha kituo hichohicho kilishuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri, na upepo ulipotiwa kwenye hesabu, ngozi iliyo wazi ilikuwa inapata baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Hayo hayaletwi na urefu wa mlima peke yake. Njia za dhoruba zinazotoka pande mbalimbali za bara hili hukutana juu ya eneo hili, na safu ya milima imesimama ikiukinga upepo, nao hulazimika kubanana na kuruka kilele kwa kasi.

Sasa, mlima huo uko saa mbili au tatu kwa gari kutoka tunakoishi, iwe Manchester, Concord, Portland au Lewiston. Wengi wetu tumetoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, na baadhi tumepitia miaka mingi ya kambi ya Nyarugusu. Tulipofika tuliambiwa mambo mengi kuhusu baridi, na karibu yote yalikuwa maonyo: funga mlango, vaa koti, usitoke. Maonyo hayo yalikuwa ya kweli, sina ugomvi nayo. Matokeo yake lakini ni kwamba kuanzia Novemba mpaka Aprili tunaishi ndani ya vyumba vitatu, yaani nyumba, gari na kazini, na hiyo ni karibu nusu ya mwaka. Watoto wetu wanasoma na watoto wanaolala msituni mwezi wa Februari kwa kujifurahisha. Nataka kueleza jioni hii jinsi jambo hilo linavyofundishwa na klabu za hapa. Nikipata muda nitaeleza pia kwa nini naona elimu yake yote inakaa kwenye tabia moja, ile ya kutangulia. Unafanya jambo kabla hujalihitaji. Ukingoja ulihitaji, umekwisha kuchelewa.

Klabu ya milima iliyo kongwe kuliko zote zilizopo nchini ni Appalachian Mountain Club, iliyoanzishwa Boston mwaka 1876. Ina matawi New Hampshire, Maine na majimbo mengine ya ukanda huu, na viongozi wa safari zake ni watu wa kujitolea: mwalimu wa hesabu, fundi umeme, muuguzi aliyestaafu. Mafunzo ya majira ya baridi huanza kabla theluji haijaanguka. Watu wanakutana jioni za mwezi wa Oktoba au Novemba kwenye ukumbi, wanaonyeshwa vifaa, wanaambiwa mwili unavyopoteza joto. Baadaye kuna safari za mchana, kwanza kwenye vilima vidogo, halafu vilele vikubwa zaidi. Kulala nje kunakuja mwishoni. Hakuna cheti cha kutundika ukutani, na nadhani ni bora hivyo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mfumo huu ni ukaguzi wa pale mnapoegesha magari. Alfajiri, bado kuna kiza, kiongozi anapita mtu mmoja mmoja na kumwomba afungue begi. Anataka kuona tochi ya kichwani, glavu za akiba, koti kubwa la kusimamia, chakula cha kuzidi siku moja. Akikuta umevaa suruali ya jinzi anakurudisha nyumbani hapohapo, na haoni haya. Kwa utamaduni wetu jambo hili ni gumu. Mtu ametoka mbali, ameamka saa tisa usiku, umwambie arudi? Sisi tungemwonea huruma, tungemwambia twende tu, Mungu atasaidia. Kiongozi wa klabu anajua kwamba huruma ya maegeshoni inalipiwa na watu sita walioko juu.

Kwa nini jinzi? Kwa sababu ni pamba, na pamba hunywa maji na kukataa kuyaachia. Nyumbani tunaipenda kwa sababu hiyohiyo: inashika jasho, jasho linatupoza. Hapa kupozwa ndiko tunakokukimbia. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko nguo kavu, na mtu aliyelowa jasho saa nne asubuhi anaweza kuwa anatetemeka saa sita akisimama kula. Kwa hiyo ndani huvaliwa fulana ya sufu au ya poliesta, katikati sweta la manyoya bandia, juu kabisa koti jembamba la kuzuia upepo na maji. Koti kubwa lililojazwa manyoya ya bata linakaa begini, halivaliwi wakati wa kutembea.

Hapo ndipo darasa la kwanza la kutangulia linapoanza. Unaondoka kwenye gari ukiwa unasikia baridi kidogo. Mgeni hawezi kuamini. Amevaa kila alichonacho, yuko vizuri, anaambiwa avue. Baada ya dakika kumi za kupanda msafara unasimama, na aliyebaki na sweta analivua pia. Mwendo ni ule ambao waongozaji wa Kilimanjaro wanauimba kila siku, pole pole, ingawa sababu ni tofauti. Kilimanjaro wanaogopa hewa nyembamba. Huku tunaogopa jasho. Mkisimama, hata kwa dakika tatu, koti kubwa linatoka begini na kuvaliwa mara moja, wakati bado una joto, ili joto hilo lihifadhiwe. Ukingoja usikie baridi ndipo ulitoe, koti litahifadhi baridi.

Maji na chakula vinafuata kanuni hiyohiyo. Katika baridi kiu hupungua, ila mwili unaendelea kupoteza maji kwa pumzi na jasho, kwa hiyo unakunywa kwa saa, hungoji kiu. Chupa inawekwa begini kichwa chini miguu juu: barafu huanza kushika sehemu ya juu ya maji, na ukiigeuza chupa kinywa chake hakitaziba. Chakula ni cha mafuta na sukari, na kinaliwa kidogo kidogo njiani. Baa za chokoleti za madukani huganda zikavunja jino. Mimi nasifu chapati yenye mafuta ya kutosha, ikunjwe na siagi ya karanga, ikae kwenye mfuko wa ndani wa koti. Wazungu wa klabu wamekwisha kuizoea, na wameanza kuiulizia.

Nitasema neno moja kuhusu konyagi na ndugu zake wote. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana unajisikia joto; joto hilo ni lile la moyoni na tumboni linalotoka kwenda nje. Basi, tusonge.

Haipothemia, yaani joto la ndani la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, haianzi kwa kuanguka. Inaanza kwa tabia kubadilika. Mtu aliyekuwa anacheka ananyamaza. Anajikwaa. Anadondosha glavu na haokoti. Maneno yanaanza kumtoka nusunusu, na ukimuuliza atakwambia yuko salama, tena kwa hasira. Yeye mwenyewe hawezi kujua, kwa sababu kinachopoa ni pamoja na ubongo wa kujulia. Wa kujua ni mwenzake. Ndiyo sababu watu hutembea wakitazamana nyuso: alama nyeupe kwenye pua au shavu, inayong'aa kidogo, ina maana ngozi inaanza kuganda. Haisuguliwi, hata kwa theluji, waliosema hivyo zamani walikosea. Inafunikwa kwa kiganja chenye joto mpaka rangi irudi.

Katika safari moja ya klabu alikuwepo mama mmoja wa Uvira, mtu mzima, na kiongozi alikuwa kijana wa Bujumbura anayesoma chuo. Tuliposimama kijana akamsogelea.

"Mama, vidole vya miguu vikoje?"

"Viko salama, mwanangu."

"Unavihisi?"

Mama akanyamaza kidogo. "Tangu tulipovuka ule mto, sijavihisi."

Kijana akamkalisha juu ya begi, akapiga magoti kwenye theluji, akamvua buti na kuuweka mguu wa mama ndani ya koti lake mwenyewe, tumboni. Ukakaa humo mpaka vidole vikaanza kuuma, na maumivu hayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anamwita baba. Nalitaja hili kwa sababu ya lile jibu la kwanza. "Viko salama" ni jibu la adabu. Tumelelewa kutowasumbua watu. Klabu inafundisha kuuliza swali la pili, na inamruhusu mdogo kumuuliza mkubwa.

Vivyo hivyo kwenye kugeuka. Kabla ya kuondoka saa ya kugeuka inatajwa, na ikifika mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Mtu yeyote kwenye msafara anaweza kusema turudi, na hadaiwi maelezo. Kijana wa miaka 19 akisema, wazee wanarudi. Nimeona wazee wetu wakikosa raha kwa hilo. Wengine wameshazoea, wachache hawajarudi tena kwenye safari.

Na saa yenyewe huku inatudanganya. Kwetu jua linakuchwa karibu saa ileile mwaka mzima, tofauti ni ndogo. Mwishoni mwa Desemba, kaskazini mwa New Hampshire, jua linachomoza kama saa moja na robo na kuzama kama saa kumi na dakika kumi. Mna mwanga wa saa tisa. Kitabu cha njia za White Mountains, ambacho klabu ilikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, kina kanuni ya kukadiria muda: nusu saa kwa kila maili, na nusu saa nyingine kwa kila futi 1,000 za kupanda. Tuchukue njia ya maili 5, ambazo ni kilomita 8, yenye kupanda futi 3,000, yaani mita 900 na kitu. Hesabu inatoa saa nne za kwenda. Hiyo ni kiangazi, njia ikiwa kavu. Kwenye theluji mpya ambayo hakuna aliyeipita, saa nne zinaweza kuwa sita, na watu wanapokezana kutangulia kwa sababu wa mbele ndiye anayekanyaga njia ya wengine. Saa sita za kwenda, saa mbili na nusu au tatu za kurudi, na chakula hamjala. Hapo mnaelewa kwa nini tunakagua mabegi gizani.

Sasa tuje kwenye kulala.

Sheria ya msitu wa taifa wa White Mountain inakataza kupiga hema juu ya mstari wa miti, pale miti ilipo mifupi kuliko futi 8, isipokuwa kama ardhi imefunikwa na theluji ya futi 2 au zaidi, maana chini kuna mimea midogo ambayo mguu mmoja unaiharibu kwa miaka. Anayejifunza asijisumbue na ruhusa hiyo. Analala chini, kati ya miti, ambako upepo unapita juu ya kichwa chake.

Mkifika mahali pa kulala, jambo la kwanza ni kuvaa, na hema linangoja. Vua fulana iliyolowa, vaa kavu, koti kubwa, kofia. Halafu mnavaa viatu vya theluji, vile vipana vya kumfanya mtu asizame, na mnakanyaga uwanja wa hema huku na huku, mkienda na kurudi bega kwa bega. Mkimaliza mnauacha. Theluji iliyokanyagwa ikiachwa nusu saa hushikana kama sakafu ya udongo iliyopigwa. Ukilala juu yake kabla haijashikana, usiku itabonyea chini ya nyonga na asubuhi utakuwa umelala ndani ya shimo lenye umbo lako. Nusu saa hiyo hamkai bure. Kuna jiko la kuwasha, ukuta mdogo wa theluji wa kujengwa upande wa upepo, na vigingi. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye theluji. Mnafunga kamba ya hema kwenye kijiti, mnakizika kijiti kikiwa kimelala, mnakanyaga juu yake. Kikishikana, asubuhi mtakitoa kwa kuchimba.

Jiko lina mambo yake. Mikebe ya gesi ya kawaida ina gesi ya butani, ambayo chini ya sifuri kidogo tu inakataa kugeuka mvuke. Jiko linakufa na mkebe umejaa. Watu wa majira ya baridi hutumia majiko ya mafuta ya maji yanayopigwa pampu. Maji yote yanatokana na theluji, na theluji mpya ni hewa tupu: sufuria kumi za theluji zinatoa kama sufuria moja ya maji. Usiijaze sufuria kavu na kuiweka motoni, itaungua na maji yatakuwa na ladha ya moshi. Weka kwanza maji kidogo uliyobaki nayo, kisha ongeza theluji polepole. Na jiko haliwashwi ndani ya hema lililofungwa. Hewa ya sumu ya jiko haina harufu, na wale wenzetu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba wanajua ninasema nini.

Joto la usiku linaibwa na ardhi zaidi kuliko hewa. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 29 chini ya sifuri, sawa, lakini manyoya yaliyo chini yako yamegandamizwa na uzito wako na hayafanyi kazi. Kinachokukinga na theluji ni magodoro: moja la povu, moja la kujaza upepo juu yake. Mwenye godoro moja na mfuko wa bei kubwa atateseka kuliko mwenye magodoro mawili na mfuko wa kawaida. Hili nawaambia wanunuzi hasa, maana dukani mfuko ndio unaouzwa kwa mbwembwe.

Kabla ya kuingia mfukoni unakula kitu cha mafuta, karanga au jibini, mwili upate cha kuchoma usiku. Unachemsha maji, unayatia kwenye chupa ngumu, unaikaza kifuniko mara mbili, unaivika soksi na kuingia nayo kati ya mapaja. Kesho asubuhi maji hayo ndiyo yatakayoanzisha uji. Unaingia pia na buti za ndani, betri, simu, glavu zenye unyevu. Pua na mdomo vinabaki nje ya mfuko. Pumzi ina maji, na ukipumulia ndani, usiku wa pili utalala kwenye mfuko uliolowa. Haja ndogo ikikubana usiku, toka au tumia chupa ya kazi hiyo, yenye alama isiyochanganyika na ya maji ya kunywa. Kujizuia kunakunyima usingizi na hakukupi joto lolote.

Watu wanadhani usiku ndio mgumu. Mgumu ni alfajiri, kutoka kwenye mfuko. Hakuna ujuzi wa kulikwepa hilo.

Nimebakiwa na dira, na nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo watu wanayoidharau siku hizi. Simu ina ramani, kwa nini nihangaike? Simu ni nzuri, naitumia. Ila betri yake ikipata baridi inaweza kushuka ghafla na kuzima, na skrini haisikii glavu. Kila ukitaka kujua ulipo unatoa kidole uchi kwenye upepo. Isitoshe, wakati wa baridi njia yenyewe inapotea. Alama za rangi zilizopakwa kwenye miti kwa urefu wa macho, theluji ikiwa ya mita moja na nusu, zinakuwa magotini au zimezikwa. Alama nyeupe ndizo mbaya zaidi, mti mzima umepakwa theluji upande wa upepo. Unafuata nyayo za waliotangulia, na waliotangulia wenyewe walikuwa wamepotea.

Dira ya mafunzo ni ile ya plastiki angavu yenye sahani inayozunguka. Darasa linafanyika uwanjani, na ramani imetandazwa juu ya begi. Unaweka ukingo wa dira kutoka hapa ulipo mpaka unapokwenda. Unazungusha sahani mpaka mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani. Unasoma namba, tuseme 60. Wengi hapo wanainua dira na kuanza kutembea. Mwalimu anawaacha waende kidogo, kisha anawaita.

Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani. Inaelekea kaskazini ya sumaku, na tofauti kati ya hizo mbili inabadilika kwa mahali na kwa miaka. Afrika Mashariki tofauti ni ndogo mno, nyuzi chache tu, kwa hiyo aliyejifunza dira skauti kule nyumbani huenda hakuwahi kuambiwa. Huku White Mountains ni karibu nyuzi 14 magharibi. Ile 60 ya ramani lazima iwe 74 kwenye dira. Usipoongeza, baada ya kilomita moja utakuwa umepotoka karibu mita 240, na katika msitu wa misonobari iliyobeba theluji, ambamo huoni zaidi ya mita kumi, mita 240 ni wilaya nyingine. Dira bora zina skrubu ndogo ya kuiweka tofauti hiyo mara moja, usiwe unaijumlisha kichwani huku kichwa kimepoa.

Halafu kuna kuhesabu hatua. Uwanjani mnapima mita 100 kwa kamba, kila mtu anahesabu mara ngapi mguu wake wa kushoto unakanyaga. Wengi wanapata kati ya 60 na 70. Mnarudia kwenye theluji na viatu vyake, namba inapanda sana. Kila mmoja anaandika zake. Inachosha, wanafunzi wanalalamika, na ukungu ukishuka ndiyo kitu pekee kitakachokwambia umekwenda umbali gani.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kukosea kwa makusudi. Tuseme unalenga daraja dogo juu ya mto, na huoni kitu. Ukielekeza dira darajani hasa, utaufikia mto na daraja halipo. Sasa liko kushoto au kulia? Hujui, na kubahatisha kunakula mwanga. Kwa hiyo unalenga mita 150 kushoto ya daraja, ukijua unakosea. Ukiufikia mto, hakuna mjadala, unageuka kulia. Mabaharia wetu wa majahazi wangeielewa mbinu hii bila kuelezwa, kwa sababu anayeifikia pwani ngeni usiku lazima ajue bandari ameiacha upande gani.

Ila dira yote hii haisaidii mtu anayeitoa akiwa amepotea. Inatolewa wakati bado unajua ulipo. Kila njia panda, kila kijito, mnasimama, mnakubaliana kwenye ramani: tuko hapa, saa tatu na nusu, mlima unapanda kwa kulia kama mistari ya mwinuko inavyosema. Ukungu ukishuka mna alama ya dakika 20 zilizopita, na mnaanzia hapo. Asiyekuwa na alama hiyo anabaki na sindano inayomwonyesha kaskazini kwa uaminifu, na hajui kaskazini ya wapi.

Mengine nitayapitia haraka. Msiende chini ya watu wanne: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, wawili waende kutafuta msaada. Mwacheni mtu nyumbani anayejua njia mtakayopita na saa ya kuipigia simu Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, maana ndiyo inayosimamia uokoaji New Hampshire, na sheria inairuhusu kumtoza gharama mtu aliyeokolewa kwa uzembe wake. Asubuhi ya safari someni utabiri wa vilele unaotolewa na kituo cha Mlima Washington, siyo wa mjini. Mvua ya nyuzi 2 juu ya sifuri iogopeni kuliko theluji kavu ya nyuzi 10 chini. Mvua inapenya, theluji kavu inakung'utika. Mabonde ya maporomoko ya theluji, Tuckerman likiwamo, si ya mwaka wenu wa kwanza.

Kuhusu fedha, najua ndilo swali la wengi, msinunue chochote kabla ya kikao cha kwanza cha Novemba. Buti ndizo za kununua mwanzo, zikiwa na nafasi ya soksi mbili na vidole kucheza, kwa sababu buti inayobana inazuia damu na kidole kisicho na damu kinaganda. Viatu vya theluji hukodishwa. Sweta la sufu lipo kwenye maduka ya mitumba ya hapahapa mjini kwa dola chache, na sisi mitumba hatuna wa kutufundisha.

Dira nimezileta, ziko kwenye meza ile ya nyuma pamoja na ramani. Njooni wawili wawili, mzee na kijana, mjaribu kupiga mstari kutoka maegesho mpaka ziwani. Simu ziacheni kwenye viti, maana simu ikikaribia dira inavuta sindano. Kwa mliobaki mmekaa, nasikiliza maswali.